Galileo Galilei na jina la ukoo wake

Galileo Galilei (Pisa, Italia, 15 Februari 1564 – Arcetri, karibu na Firenze, 8 Januari 1642) alikuwa mwanahisabati, mwanafizikia na mwanaastronomia wa Italia. Anajulikana hasa kwa kuchunguza anga kwa darubini kuanzia mwaka 1609, kwa utafiti wake kuhusu mwendo wa vitu, na kwa kesi ya mwaka 1633 ambapo mahakama ya Kanisa Katoliki ilimlazimisha kukana fundisho kwamba Dunia inalizunguka Jua.

Duniani kote anaitwa Galileo, yaani kwa jina lake la kwanza, wakati wanasayansi wengi hutajwa kwa jina la ukoo. Katika habari zake majina hayo mawili hayatenganishwi kwa urahisi, kwa sababu jina la ukoo lilitokana na jina la kwanza la mmoja wa mababu zake. Makala hii inaeleza maisha ya Galileo pamoja na historia ya jina hilo: lilivyoanza, kwa nini halikuenea sana, na nani katika nyumba yake aliruhusiwa kulirithi.

Asili ya jina Galilei

Ingawa Galileo alizaliwa Pisa, ukoo wake ulikuwa wa Firenze, mji mkuu wa Toscana. Zamani ukoo huo uliitwa Bonaiuti. Katika Karne za Kati wazazi wa Italia walipenda kuwapa watoto majina ya heri, na Bonaiuto ni mojawapo: maana yake ni "msaada mwema". Majina ya namna hiyo kwa kawaida yalianza kama jina la mtu mmoja, kisha yakawa ya wazao wake wote.

Katika ukoo huo alitokea Galileo Bonaiuti, tabibu aliyeishi kuanzia karne ya 14 hadi karne ya 15. Alitibu wagonjwa, alifundisha katika chuo kikuu cha Firenze na kushika vyeo katika serikali ya jamhuri ya mji huo. Alipofariki alizikwa katika kanisa la Santa Croce, ambako jiwe la kaburi lake bado linaonekana sakafuni. Kwa sababu ya sifa zake, watu wa nyumba yake walianza kutambulishwa kwa jina lake. Polepole waliacha jina la Bonaiuti wakabaki na Galilei.

Kwa Kiitaliano neno "galileo" lina maana ya Mgalilaya, yaani mtu wa Galilaya, nchi alikokulia Yesu. Wingi wake ni "galilei". Majina mengi ya ukoo ya Toscana na sehemu nyingine za Italia ya kati na ya kaskazini huishia na herufi i, ambayo huonyesha kundi la watu wa nyumba moja. Hivyo Galilei ni "wale wa Galileo", na likitafsiriwa neno kwa neno ni "Wagalilaya".

Toscana ilikuwa pia na desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina linalolingana na lile la ukoo. Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa Pisa mwaka 1564 aliitwa Galileo Galilei. Jina la tabibu yule wa kale lilirudi kwake mara mbili.

Kuenea kwa jina

Majina ya ukoo ya Italia hayakuenea kwa kiwango kimoja, na sababu iko katika asili yake. Rossi, linaloongoza kwa wingi nchini humo, lilitokana na wekundu wa nywele au wa uso. Watu wenye sifa hiyo walipatikana katika kila mji, hivyo familia nyingi zisizo na undugu zilipata jina lilelile. Ferrari lilitokana na kazi ya uhunzi wa chuma, na wahunzi walikuwepo kila mahali. Majina mengine yalienea kupitia nyumba za kulelea watoto walioachwa na wazazi: Esposito huko Napoli, Innocenti huko Firenze na Colombo huko Milano. Kila mwaka watoto wengi walipokelewa katika nyumba hizo na kuandikwa kwa jina moja.

Galilei ni tofauti. Lilianza na mtu mmoja, katika mji mmoja, na likabaki jina la nyumba chache. Jina la aina hiyo huendelea tu ikiwa wapo wana wa kulirithi, na sheria ikiwatambua. Jambo hilo lilikuja kumgusa Galileo katika maisha yake ya nyumbani.

Majina ya ukoo yalipata nguvu zaidi wakati uleule alipozaliwa. Mtaguso wa Trento, uliofungwa Desemba 1563, uliwaagiza maparoko kutunza vitabu vya ndoa na vya ubatizo. Katika baadhi ya miji desturi hiyo ilikuwepo tayari, lakini sasa ilitakiwa kila parokia. Kadiri vitabu vilivyotunzwa vizazi kwa vizazi, ilikuwa vigumu zaidi kwa familia kubadili jina kama Wabonaiuti walivyofanya.

Utoto na masomo

Baba yake, Vincenzo Galilei, alikuwa mpigaji wa kinanda cha nyuzi kiitwacho lauti na mwandishi wa vitabu kuhusu muziki. Mwaka 1581 alitoa kitabu kinacholinganisha muziki wa kale na ule wa wakati wake. Hakuridhika na kurudia maneno ya wataalamu wa zamani. Alipima mwenyewe jinsi mvuto wa nyuzi unavyobadilisha sauti. Mwanawe alikua akiuona mtindo huo wa kujaribu kwanza na kuamini baadaye. Mama yake aliitwa Giulia Ammannati.

Galileo alikuwa mtoto wa kwanza. Kati ya wadogo zake waliofikia utu uzima walikuwepo Virginia, Livia na Michelangelo, ambaye alifuata kazi ya baba yao na kuwa mwanamuziki huko München, Ujerumani. Mwaka 1574 familia ilihamia Firenze. Galileo alisoma kwa muda katika monasteri ya Vallombrosa, na mwaka 1581 akaandikishwa katika chuo kikuu cha Pisa kusomea utabibu, kazi ileile iliyomletea heshima babu yao. Lakini moyo wake ulivutwa na hisabati, na mwaka 1585 aliondoka chuoni bila shahada.

Aliendelea kujisomea na kutoa masomo ya binafsi. Mwaka 1589 alipata nafasi ya kufundisha hisabati Pisa kwa mshahara mdogo, na mwaka 1592 alihamia chuo kikuu cha Padova, kilichokuwa chini ya Jamhuri ya Venisi. Alikaa huko miaka 18.

Mizigo ya mkubwa wa nyumba

Vincenzo alifariki mwaka 1591. Galileo, akiwa mwana wa kwanza, alichukua jukumu la mama na wadogo zake. Katika Italia ya wakati ule familia ya bibi arusi ndiyo iliyotoa mali kwa bwana arusi, na kiasi chake kilionyesha heshima ya ukoo. Galileo alibeba ahadi za mali ya ndoa ya dada yake Virginia, na mwaka 1601 ikafuata ya Livia. Michelangelo aliahidi kuchangia, lakini mzigo mkubwa ulimwangukia kaka yake.

Ili kupata fedha, Galileo alipangisha vyumba kwa wanafunzi nyumbani kwake na kuwafundisha nje ya saa za chuo. Alitengeneza pia kifaa cha shaba cha kufanyia mahesabu na vipimo, kilichowafaa wanajeshi na wapimaji, akakiuza pamoja na maelezo ya matumizi yake. Kuwa mkubwa wa nyumba ya Galilei kulimgharimu miaka mingi ya madeni.

Watoto watatu

Huko Padova Galileo alikuwa na uhusiano na Marina Gamba, mwanamke wa Venisi. Hawakufunga ndoa. Walizaa watoto watatu: Virginia mwaka 1600, Livia mwaka 1601 na Vincenzo mwaka 1606. Mabinti walipewa majina ya shangazi zao, na mvulana jina la babu yake. Kwa majina hayo Galileo alionyesha wazi kwamba ni watoto wa ukoo wake. Lakini katika vitabu vya ubatizo jina la baba halikuandikwa. Mbele ya sheria hawakuwa Galilei.

Darubini na miezi ya Mshtarii

Mwaka 1609 Galileo alisikia habari za chombo kilichobuniwa Uholanzi, chenye lenzi mbili, kinacholeta vitu vya mbali karibu na macho. Alijitengenezea cha kwake, akakiboresha mara kadhaa, kisha akakielekeza angani. Aliona milima na mabonde juu ya Mwezi, na nyota nyingi zisizoonekana kwa macho matupu.

Usiku wa 7 Januari 1610 aliona vinukta vya mwanga karibu na sayari ya Mshtarii. Usiku uliofuata vilikuwa vimebadilisha nafasi. Baada ya kuvifuatilia kwa siku kadhaa alitambua kuwa ni miezi minne inayoizunguka sayari hiyo. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu ulionyesha kwamba si kila kitu angani kinaizunguka Dunia. Alitangaza matokeo hayo Machi 1610 katika kitabu kidogo cha Kilatini, "Sidereus Nuncius".

Galileo hakuipa miezi hiyo jina lake mwenyewe. Aliiita nyota za Medici, kwa heshima ya ukoo uliotawala Toscana na wa mtawala wake kijana, Cosimo II, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa mwanahisabati na mwanafalsafa mkuu wa mtawala huyo, akahamia Firenze. Marina Gamba alibaki nyuma. Mwishoni mwa mwaka 1610 Galileo aliona pia kwamba Zuhura ina awamu kama zile za Mwezi, jambo linaloeleweka ikiwa sayari hiyo inalizunguka Jua.

Mwaka 1611 alipokelewa Roma katika chama cha wataalamu kilichoitwa Accademia dei Lincei, kilichoanzishwa na Federico Cesi mwaka 1603. Galileo alilithamini jina la chama hicho hata akajiandika "Galileo Galilei Linceo" kwenye vitabu vyake.

Nani atalirithi jina

Virginia na Livia hawakuwa na matumaini ya ndoa ya heshima, kwa kuwa walizaliwa nje ya ndoa na baba yao alikuwa ameshaelemewa na madeni ya ndoa za dada zake. Mwaka 1613 aliwaingiza katika monasteri ya San Matteo huko Arcetri, wakiwa bado wadogo. Walipotimiza umri waliweka nadhiri na kubadilisha majina: Virginia akawa Sista Maria Celeste, na Livia akawa Sista Arcangela. Monasteri hiyo ilikuwa maskini, na masista walivumilia baridi na uhaba wa chakula. Livia aliishi humo akiwa mgonjwa mara kwa mara. Hawakuulizwa kama walitaka maisha hayo.

Kwa mvulana mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1619 Cosimo II alimhalalisha Vincenzo kwa hati, naye akawa Vincenzo Galilei kisheria. Alisoma sheria Pisa, akaoa mwaka 1629, na mwana wake wa kwanza akaitwa Galileo. Neema ya mtawala ilimfikia mtoto mmoja kati ya watatu, yule aliyeweza kuliendeleza jina.

Hata hivyo aliyekuwa karibu zaidi na baba yake ni Maria Celeste. Barua 124 alizomwandikia zimehifadhiwa. Zinaonyesha akimshonea nguo, akimtengenezea dawa, akinakili maandishi yake na kumtuliza wakati wa shida. Majibu ya Galileo yamepotea.

Upinzani

Galileo alikubali mafundisho ya Nicolaus Copernicus, kanoni wa kanisa na mtaalamu wa nyota aliyeandika mwaka 1543 kwamba Dunia na sayari nyingine zinalizunguka Jua. Wengi waliona mafundisho hayo yanapingana na Biblia. Desemba 1614 Tommaso Caccini, mtawa wa shirika la Wadominiko, alimshambulia pamoja na wanahisabati kwa jumla katika mahubiri huko Firenze. Inasimuliwa kwamba alitumia sehemu ya Matendo ya Mitume ambapo watu wa Galilaya wanaulizwa kwa nini wamesimama wakitazama mbinguni. Kila msikilizaji alimjua Mgalilaya aliyekusudiwa.

Mwaka 1616 viongozi wa Kanisa huko Roma walitangaza kuwa fundisho hilo linapingana na Maandiko. Kitabu cha Copernicus kilizuiwa hadi kisahihishwe, na Kardinali Roberto Bellarmino akamwonya Galileo aache kulitetea.

Kesi ya mwaka 1633

Mwaka 1623 Kardinali Maffeo Barberini, aliyemheshimu Galileo, alichaguliwa kuwa Papa Urban VIII. Galileo aliona kuwa sasa anaweza kuandika kwa uhuru zaidi. Mwaka 1632 alichapisha mazungumzo kuhusu mifumo miwili mikuu ya ulimwengu. Aliyaandika kwa Kiitaliano ili yasomwe na watu wengi. Kitabu kilikuwa na kibali, lakini hoja za Copernicus zilionekana wazi kushinda, na hoja aliyoipenda Papa iliwekwa kinywani mwa Simplicio, mzungumzaji anayeshindwa mara kwa mara. Papa alikasirika.

Galileo, akiwa na miaka karibu 69 na afya dhaifu, aliitwa Roma. Tarehe 22 Juni 1633, katika konventi ya Santa Maria sopra Minerva, alipiga magoti na kukana fundisho hilo. Kitabu kilipigwa marufuku, naye akahukumiwa kifungo. Kifungo hicho kilibadilishwa kuwa cha nyumbani, kwanza Siena kwa Askofu Mkuu Ascanio Piccolomini, na kuanzia Desemba 1633 katika nyumba yake ya Arcetri, karibu na monasteri ya mabinti zake.

Furaha ya kurudi karibu na Maria Celeste haikudumu. Sista huyo alifariki Aprili 1634 akiwa na umri wa miaka 33. Pigo hilo lilimwumiza sana Galileo.

Miaka ya mwisho

Akiwa kifungoni nyumbani Galileo alikamilisha kitabu chake muhimu zaidi kwa fizikia, kuhusu uimara wa vitu na mwendo. Humo alionyesha kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa kiwango kisichobadilika, na kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni parabola. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuchapisha, maandishi yalipelekwa Leiden, Uholanzi, yakatolewa mwaka 1638. Wakati huo alikuwa amepofuka.

Kijana Vincenzo Viviani aliishi naye kuanzia mwaka 1639 kama msaidizi, na mwaka 1641 akaja pia Evangelista Torricelli, aliyebuni baadaye kipimahewa cha zebaki. Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642. Mwanawe Vincenzo alimfuata mwaka 1649.

Kaburi

Mtawala Ferdinando II alitaka kumjengea kaburi la fahari ndani ya Santa Croce, kanisa alimozikwa tabibu aliyeanzisha jina la ukoo. Papa alipinga heshima hiyo kwa mtu aliyehukumiwa, hivyo Galileo alizikwa katika chumba kidogo pembeni. Viviani alitumia maisha yake kudai mnara wa kumbukumbu, akafariki mwaka 1703 bila kuuona.

Tarehe 12 Machi 1737 mabaki ya Galileo yalihamishwa hatimaye ndani ya kanisa, chini ya mnara aliostahili. Kaburi la zamani lilipofunguliwa, yalikutwa pia mabaki ya mwanamke, ambaye anaaminika kuwa ni Maria Celeste. Yalihamishwa pamoja na ya baba yake, lakini jina la binti huyo halikuandikwa kwenye mnara.

Kitabu chake cha mwaka 1632 kiliondolewa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1835. Tarehe 31 Oktoba 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba wanateolojia waliomhukumu Galileo walikosea.

Jina hilo leo

Hata leo Galilei ni jina adimu nchini Italia likilinganishwa na Rossi, Ferrari au Esposito. Umaarufu wake haukutokana na wingi wa wanaoitwa hivyo. Miezi minne ya Mshtarii, yaani Io, Europa, Ganymede na Callisto, haiitwi tena nyota za Medici: wataalamu huiita miezi ya Galilei. Chombo cha anga cha Marekani kilichoichunguza sayari hiyo kwa karibu kuanzia mwaka 1995 kiliitwa pia Galileo. Utawala wa ukoo wa Medici huko Toscana ulikoma mwaka 1737, mwaka uleule Galileo alipopewa kaburi lake la heshima.